Lete Nione

Kuk. Kisha kimya. Kisha kuk.

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya nyumba yetu, kabla bomba la uani halijakohoa, kabla mlango wa jirani haujafunguliwa. Ni goti lako la kulia, halafu la kushoto, unapoinuka kitandani gizani ukidhani nimelala. Sijalala, mume wangu. Nasikia goti moja likiita na lenzake likiitika. Nasikia nyayo zikipapasa ndara. Kisha naona kile ninachokisubiri kila alfajiri: tochi ya simu umeifunika kwa kiganja, mwanga unachungulia katikati ya vidole, vidole vinawiva kama makaa, na chumba kinapata nuru ya kumtosha mtu mmoja kuvaa suruali, isiyotosha kumwamsha mtoto.

Wapo walioahidiwa mwezi na nyota. Mimi nimepewa tochi iliyofunikwa kiganja. Sibadilishani na mtu.

Wewe ni fundi wa vigae. Kutwa uko chini, magoti sakafuni, mgongo umeupinda, unapaka gundi kwa mwiko wenye meno, unalaza kigae, unakigonga kwa nyundo ya mpira, unasikiliza. Kikilia kizito, kimekaa. Kikilia kama debe, chini kuna uwazi, unakibandua, unaanza upya. Umezoea kusikiliza vitu visivyosema. Labda ndiyo maana nyumbani maneno yako ni machache, na lililo kubwa kuliko yote ni moja.

Sufuria imekatika mpini: lete nione. Kiatu kimeachama: lete nione. Zipu ya gauni imeuma kitambaa, nimesimama mlangoni nimechelewa, nimenuna: lete nione. Hata siku uchungu wa kujifungua uliponishika, nikakuita kwamba tumbo linauma, ulinyoosha mkono gizani ukasema, "Lete nione," kisha ukashtuka mwenyewe, na tukacheka mpaka maumivu yakatukumbusha tulikuwa tunakwenda wapi.

Wengine husema nakupenda. Wewe husema, lete nione.

Hujui maua wewe. Unajua ndoano. Ile ya jikoni uliipigilia usawa wa mkono wangu wa kulia nikiwa nimempakata mtoto kushoto, na kabla ya kuipigilia ulinisimamisha pale na mtoto wangu kiunoni, ukaweka alama kwa penseli. Unajua bawaba. Wiki niliyotoka kujifungua ulizipaka mafuta, ukafungua mlango na kuufunga, ukafungua na kuufunga, hadi ukimya wake ukakuridhisha. Unajua mahali nilipoteleza. Pale chini ya pipa la maji, nilipoanguka nikiwa na mimba, ulitandika vipande vya vigae vilivyovunjika, upande wenye mikwaruzo ukiwa juu ili ushike nyayo zangu. Hukuniambia. Nilikuta tu siku moja dunia imeacha kuteleza.

Tulipotimiza miaka minne ya ndoa, jirani yetu Mama Mapacha, mwenye ulimi usiojua kukaa, alinikuta uani nafua.

"Haya shoga, bwana kakuletea nini?"

"Mpira."

"Mpira wa nini?"

"Wa maji. Mita sita. Unatoka bombani unafika mpaka kwenye pipa. Sibebi ndoo tena."

Aliweka beseni chini. "Na wewe umempa nini?"

"Glisirini ya vidole. Saruji imempasua."

"Mungu wangu! Nyie mnapendana au mnajenga?"

"Vyote viwili, dada."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini jioni ile ile nilimwona akiupima mpira wetu kwa hatua, moja, mbili, tatu, huku akimwita mumewe aje atazame.

Na mimi najua kutoa, usifikiri. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, mama alipougua, na wewe ndiye uliyeleta karatasi ya tangazo la masomo ya jioni, imekunjwa mara nne, imechanganyika mfukoni na vile vijimsalaba vya plastiki mnavyotenganishia vigae. Hukusema nenda. Uliiweka mezani, ukaikandamiza kwa kopo la chumvi isipeperuke, ukaenda kuoga. Nilikwenda. Miaka miwili nimekwenda, jioni kwa jioni, daftari kifuani, chaki kwenye nywele.

Siku tuliyofundishwa pembe mraba, ile ya tatu na nne na tano, nilirudi nyumbani mbio, kwa sababu kwa mara ya kwanza darasa lilikuwa limenipa kitu cha kukupa wewe. Nilichora sakafuni. Nilieleza mraba wa tatu, nikaeleza mraba wa nne, nikaijumlisha, nikatoka jasho. Ulikaa kidevu mkononi, ukanisikiliza mpaka mwisho. Uliuliza hata swali. Kisha ukatoa mfukoni uzi wako wa kazi, ukaunyoosha juu ya mchoro wangu, na uzi ulikuwa na mafundo. Tatu. Nne. Tano.

"Kumbe ina jina," ulisema. "Sisi tunaiita uzi."

Nilikurushia chaki. Lakini usiku ule nililala nikitabasamu ukutani. Ulikuwa unaijua siku zote, tangu kabla hujanijua mimi, na uliniachia niimalize. Kuna mtu anayeweza kumpa mwenzake masikio yake yote kwa jambo analolijua tayari? Yupo. Analala upande wa mlangoni.

Basi mwaka huu nikasema, zawadi yangu nitaishona mwenyewe.

Wewe na wenzako mlikuwa mmepata kazi kwenye jengo la ghorofa tatu, ngazi na kumbi, vigae mpaka chooni, na magoti yako yalikuwa yameanza kuvimba. Jumapili moja mchana ulilala chali, umechoka, miguu imenyooka kama rula mbili. Nikachukua uzi wa sufu. Nikazungusha juu ya goti, nikaweka fundo. Nikazungusha chini ya goti, nikaweka fundo. Ulikoroma tu. Nikakata sponji ya kigodoro alichokiacha binti yetu, nimeifua mara tatu nikaianika. Nikachukua jinzi yako iliyochakaa, nikachukua mikanda ya begi langu la zamani yenye vifungo vya chuma, nikakaa na sindano siku nne. Vikatoka vikinga magoti viwili, vinene, vimejaa, kama mikate miwili.

Ulivivaa Jumatatu. Jioni nikauliza, "Vipi?"

"Viko safi," ulisema.

Ukanisimulia wenzako walivyokutania. "Fundi leo umebeba watoto wawili, mmoja kila goti!" Ulilisimulia hilo ukicheka. La mikanda hukulisimulia.

Wiki tatu hukulisimulia.

Mpaka Jumapili ile. Ulikuwa na kaptula, umepiga magoti kutoa kiatu cha mtoto chini ya kiti, mimi nikapita nyuma yako na kikapu cha nguo. Nikasimama. Nyuma ya magoti yako kulikuwa na mistari, miwili huku, miwili huku, myekundu, imechimba, na mmoja umeshakuwa kidonda. Ilikuwa kama mistari ya kalamu ya mwalimu chini ya jibu lililokosewa.

Nikaelewa papo hapo. Nilimpima mtu aliyelala, nikamshonea mtu anayepiga magoti. Goti lililonyooka na goti lililokunjwa si goti moja. Likikunjwa hunenepa, huhitaji nafasi, na mimi nililinyima. Na ndiyo mimi mwanafunzi wa hisabati!

"Kwa nini hukusema?"

"Ulivishona kwa mkono," ulisema, kichwa bado kiko chini ya kiti. "Nikaona nitavizoea."

"Uzoee kidonda?"

"Hata kiatu kipya huuma."

"Hiki si kiatu, Baba Chiriku. Hiki ni kitanzi!"

Mama Mapacha akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta. "Kuna usalama huko?"

"Tunajenga!" nikamjibu, na nikaacha kufoka.

Kwa sababu nilipokuwa nakufokea, nilijisikia. Nilisikia nikisema, mtu huwezi kuvaa kinachokukata halafu ukaja kwa mwenzako ukasema kiko safi. Na mimi je? Mimi nilikuwa nimevaa nini wiki zile mbili, nikikuambia darasa liko likizo?

Nikakaa chini sakafuni, karibu yako, kikapu mapajani.

"Darasa haliko likizo," nikasema. "Mimi ndiye siendi. Alhamisi ni mtihani wa mwisho, na nimemwambia mwalimu afute jina langu."

Nikakuambia yote. Kwamba binti yetu, tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu anaongea hata na ndoo, siku hizi nikianza kuvaa viatu hukosa neno. Hanyanyui sauti, haulizi. Hushika upindo wa gauni langu kwa mikono miwili na kulia bila kusema chochote. Zamani nilikuwa namwacha kwa Mama Mapacha akiwa anasinzia. Sasa ana miaka mitatu, macho yamefunguka, anajua mlango ni nini. Na wewe unarudi jua limezama, ukishuka chini kama mzee, ukiinuka kama mzee. Nikaona nikuongezee zawadi nyingine, ya kimyakimya. Nibaki. Nisikusumbue. Upumzike.

Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukaanza kugonga sakafu kwa kifundo cha kidole, taratibu, ndivyo unavyofanya ukifikiri, kama mtu anayetafuta palipo na uwazi.

"Mwalimu amelifuta?"

"Amesema halifuti. Nisipotokea siku hiyo, nitakuwa nimejifuta mwenyewe."

"Unautaka?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa neno moja, bila kulipamba. Nikasikia jibu likitoka tumboni.

"Nautaka."

"Ratiba iko wapi?"

"Kwenye daftari."

"Lete nione."

Mpenzi wangu wa sakafuni, mpenzi wangu mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi! Ningeweza kuandikiwa barua kwa wino wa dhahabu, na isingenitikisa kama kidole chako kilichopasuka kikishuka polepole juu ya ile ratiba. Alhamisi. Hisabati. Saa nane mchana mpaka saa kumi na moja.

"Nitaongea na msimamizi," ulisema. "Nikiingia saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana nimetoka. Wiki nzima."

"Wiki nzima ya nini? Mtihani ni siku moja."

Ukanitazama kama mimi ndiye ninayejifunza ufundi. "Kigae ukikilaza leo, leo hukikanyagi. Kitaonekana kimekaa, kumbe chini kimeshaachia. Gundi inataka siku zake. Na huyu mtoto ndivyo hivyo. Alhamisi ndiyo ya kukanyaga. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, tumwache ashike."

Miaka miwili nimekaa darasani, na sijasikia somo lililoniingia vile.

"Piga magoti," nikakuambia.

"Nikuombe msamaha?"

"Nikupime."

Ukapiga magoti katikati ya sebule, mchana kweupe, na mimi nikazunguka nyuma yako na uzi wa sufu. Safari hii nilikupima ulivyo, si ulivyolala. Nikafumua mikanda, nikaweka lastiki pana, nikavuta, nikauliza, "Inabana?" Ukasema hapana. Nikakutazama. Ukasema, "Kidogo, kushoto." Nikalegeza kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa kosa langu mkononi, na nililipokea kama pete.

Jumatatu ulirudi saa saba na nusu, umeoga vumbi. Ukakaa sakafuni na Chiriku, ukamwaga vijimsalaba vya plastiki, mkaanza kuvipanga. Mama Mapacha alichungulia dirishani, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Mtoroke sasa hivi, akiwa anatazama chini!"

"Hatoroki mtu hapa," ulisema. "Mwambie unakwenda. Nenda. Rudi kama ulivyosema."

Nikamwambia, nakwenda bombani, narudi. Alishika upindo, akalia. Ukamtoa vidole, nikaenda. Alilia muda wote. Nilisimama bombani, ndoo ya kisingizio ikajaa, ikafurika, maji yakanipanda viatuni, na mimi nahesabu. Nikarudi kama nilivyosema.

Jumanne nilikwenda dukani, kule kwenye kona. Alilia mpaka nikavuka geti, kisha akanyamaza. Ule ukimya uliniuma kuliko kilio. Nilinunua kiberiti, nikasahau chenji, muuza duka akaniita mara mbili, "Mama, mama, una nini leo?"

Jumatano nilikwenda mpaka shuleni, ng'ambo ya barabara kubwa, nikagusa ukuta, nikarudi. Hakulia. Alishika upindo tu, kwa nguvu. Ulimfungua vidole kimoja kimoja, mkihesabu pamoja, yeye bila sauti, midomo tu ikicheza: moja, mbili, tatu. Mpaka kumi. Alipofika kumi mikono ikabaki hewani, haijui iende wapi. Ukaiwekea vijimsalaba.

Gundi inataka siku zake. Nilikuwa nalisema hilo moyoni nikiosha vyombo, nikitwanga, nikifunika daftari. Upendo nao unataka siku zake. Hauji wote siku ya harusi na ngoma. Huja kigae kwa kigae, huku mtu amepinda mgongo, na anayepita juu yake hajui ulilazwa lini. Anajua tu kwamba hautikisiki.

Alhamisi ukarudi saa saba, nywele nyeupe kwa vumbi kama babu yako mwenyewe. Ukanivua wasiwasi kabla hujavua viatu. Penseli mbili, umezichonga kwa kile kisu chako cha kazi, ncha zake zinaweza kuandika juu ya yai. Rula. Saa yako ya mkononi, kwa sababu simu haziruhusiwi, nawe umeitoboa mkanda tundu jipya la kifundo cha mkono wangu. Halafu ukasema, bila kuniangalia, ukifungua kamba za buti:

"Nimepita pale shuleni asubuhi, wakati wa chai. Nimemwomba mlinzi, nikaingia. Madawati nimeyajaribu yote. La mwisho usiliguse, linayumba. Kaa lile la pili kutoka dirishani. Halitikisiki."

Niliivaa saa yako. Nilimwona mume wangu kwenye chumba kitupu cha darasa, chai yake ameiacha ikipoa kazini, akipita dawati hadi dawati, anaegemea kiwiko, anatikisa, anasikiliza, anahamia jingine. Akinitafutia mahali pasipotikisika. Mtu anaweza kuishi miaka mingi juu ya hilo tu.

Nilivaa viatu. Nilichukua begi. Ulikuwa umeshakaa sakafuni, na Chiriku ameegemea paja lako, vijimsalaba vimetapakaa mbele yenu. Nikamwambia, "Mama anakwenda kwenye mtihani. Atarudi kabla jua halijazama." Nikageuka mlangoni.

Nikangoja ile mikono.

Haikuja. Upindo wa gauni langu ulining'inia bure, mwepesi, kama wa mtu mwingine. Mlango ulikuwa wazi. Nje mchana ulikuwa mweupe mpaka ukutani kwa jirani, vumbi linaelea ndani yake bila haraka, na njia yote mpaka barabarani ilikuwa tupu, kavu, yangu. Na miguu ikakataa. Mguu mmoja kizingitini, mwingine ndani. Siku tatu tulikuwa tunamngoja yeye ashike, na hakuna aliyekumbuka kunigonga mimi, asikie kama chini kuna uwazi.

Dakika ilipita kwenye saa yako. Niliiona ikipita. Nilijua unanitazama mgongo, nilijua hutanisukuma. Nikasema moyoni, nikigeuka sasa hivi, sitoki tena.

Ndipo Chiriku akainua kichwa kutoka kwenye mchezo wake. Akanitazama viatu, akanitazama begi, akanitazama usoni kama anavyoitazama ndoo iliyochelewa kujaa. Na kwa mara ya kwanza mlangoni pale, neno likamtoka, kavu, la sauti kubwa, lisilo na chozi hata moja.

"Mama, utachelewa."